Somo la Mwezi: Kujiweka Tayari kwa Safari ya Miguu kwenda Namugongo

Masomo: 1 Wafalme 19:1–8, Marko 7:9–13, Zaburi 120 hadi 134



Tangu mavuno ya mwaka uliopita tumeulizwa mara nyingi na washarika wa hapa Rujewa kama yafaa Mlutheri kwenda Namugongo kwa miguu. Wamesikia habari za Wakristo wa Kenya, wa Kongo, wa Rwanda na wa nchi yetu wenyewe, watembeao siku nyingi ili wafike huko Uganda kabla ya tarehe 3 Juni. Nao wanaouliza si vijana peke yao. Wamo na akina mama wenye wajukuu. Swali la namna hii halifai kujibiwa kwa neno moja mlangoni mwa kanisa. Kwa hiyo tumeona vema kuliandikia somo, ili walimu walisome pamoja na watu wao na kulipima kwa Maandiko.

Kwanza mtu na ajue aendako. Wengi walijua jina la Namugongo, wala hawajui yaliyotendeka pale. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaua Wakristo wengi. Majina 45 yanakumbukwa: 22 ni ya Wakatoliki, 23 ni ya Waanglikana. Wa kwanza walikuwa vijana watatu wa misioni ya Waanglikana, waliouawa tarehe 31 Januari 1885. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Askofu James Hannington aliuawa katika nchi ya Busoga, kabla hajafika Buganda. Hata mwezi wa Mei 1886 vijana waliotumika katika nyumba ya mfalme walihukumiwa huko Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, kwa sababu hawakukubali kuiacha imani. Wakafungwa, wakapelekwa kwa miguu mpaka Namugongo. Wengine waliuawa njiani. Waliosalia walingojeshwa karibu juma zima huku kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni wakateketezwa kwa moto, Wakatoliki na Waprotestanti siku hiyo moja. Aliyekuwa kiongozi wa vijana Wakatoliki ni Karoli Lwanga. Mdogo wao kuliko wote, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14.

Twamwomba mwalimu asilipite upesi neno hili: hao nao walitembea. Mwendo wao ulikuwa mfupi kuliko huu tunaoulizwa habari zake, walakini walitembea wakiwa wamefungwa, wakijua mwisho wa njia. Mtu atakayelalamika kwa sababu ya lengelenge moja kisiginoni na awakumbuke.

Tena habari hizi si za majirani tu. Wamisionari wa Betheli walipofika Buhaya mwaka 1910 waliwakuta Wahaya waliokwisha kulipokea Neno kutoka Buganda, wakisoma vitabu vya Kiganda na kukutanika kwa maombi pasipo mchungaji. Katika mbegu ile limekua kanisa letu la Kilutheri la Bukoba, ambalo askofu wake, Josiah Kibira, alichaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kuketi katika kiti hicho. Basi barabara ya Mutukula ndiyo upande ule ambako Neno lilishuka kuja kwa ndugu zetu. Sisi wa kusini lilitujia kwa upande mwingine: mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Moraviani walipanda kutoka kichwa cha Ziwa Nyasa mpaka nchi ya Konde. Nao walikuja kwa miguu.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Je, kanisa letu lafundisha nini juu ya hija? (Wako wasiolipenda neno hili, wakidhani ni la Waislamu peke yao. Ndugu zetu Wakatoliki hulitumia kila siku, nasi hatuoni dhambi katika neno.) Martin Luther mwenyewe aliwahi kwenda Roma kwa miguu, alipokuwa mtawa, mwaka 1510 au 1511, akivuka milima mikubwa ya Alpi. Huko alipanda ngazi moja mashuhuri kwa magoti, akiiombea roho ya babu yake. Naye alisimulia baadaye kwamba alipofika juu moyo wake uliingiwa na shaka kama jambo lile lilikuwa kweli. Mwaka 1520, katika kitabu chake kwa wakuu Wakristo wa taifa la Kijerumani, aliandika maneno makali juu ya hija za Roma. Wasomaji na waangalie sababu aliyoitoa. Hakusema kwamba kutembea ni dhambi. Alisikitika kwamba mtu hutumia fedha nyingi njiani na kuwaacha mkewe na watoto wake nyumbani katika taabu, hali Mungu hakumwagiza safari ile, bali amemwagiza kuwatunza hao. Akashauri kwamba atakaye kwenda aulizwe kwanza sababu yake, na mchungaji wake au na wakubwa wa mji wake.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 20, lazihesabu hija pamoja na kazi zilizohubiriwa bila haja, watu wakidhani kwamba kwa hizo watapata haki mbele za Mungu. Lakini ibara ya 21 inayofuata yasema kwamba kumbukumbu la watakatifu laweza kuwekwa mbele yetu ili tuifuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu katika wito wake, ingawa hatuwaombi msaada, kwa kuwa Mpatanishi ni mmoja. Tukiziweka ibara hizi mbili pamoja, njia yaonekana. Aendaye ili aondoe dhambi zake kwa kilometa 300, hatuwezi kumbariki. Aendaye ili ajifunze ushuhuda wa vijana wale, asali kwa utulivu, na kukutana na Wakristo wa mataifa mengine, hatuwezi kumzuia. Hata Wanorwe, ambao nchi yao ni ya Kilutheri tangu karne ya 16, wameifungua tena mwaka 1997 njia ya zamani ya miguu kutoka Oslo hadi kanisa kuu la Trondheim.

Mwalimu ataujuaje moyo wa mtu? Sisi twatumia swali moja. Mwulize: Ukiugua ukiwa Masaka, ukarudishwa nyumbani kwa gari, utakuwa umepungukiwa na nini mbele za Mungu? Akijibu kwamba hatapungukiwa na kitu, aende. Akijibu kwamba nadhiri yake imeharibika na baraka yake imepotea, akae kwanza afundishwe Waraka kwa Wagalatia.

Walakini liko jambo lililo zito kuliko hayo, nasi hatutalificha. Tarehe 3 Juni yaangukia katikati ya mavuno ya mpunga wetu. Kila mkaaji wa Usangu anajua maana yake. Mpunga uliokomaa haumngoji mwenyewe: kweleakwelea hushuka kwa makundi, punje hupukutika, ng'ombe huingia mashambani, na bei ya vibarua hupanda. Aendaye Namugongo kwa miguu kutoka huku hana budi kuwa mbali na nyumba yake tangu katikati ya Mei hata siku za kwanza za Juni, maana yake zaidi ya majuma matatu. Nani atavuna?

Someni hapa Marko 7. Bwana wetu aliwakemea watu waliokuwa wakiitaja mali yao kuwa ni wakfu kwa Mungu, ili wapate udhuru wa kutowasaidia baba na mama. Hakuna tofauti kubwa kati ya hao na mume amwachiaye mkewe ekari mbili za mpunga na mtoto mgongoni, akisema kwamba amemwendea Mungu. Basi twasema wazi: baba au mama ambaye mpunga wake hautakuwa umevunwa, wala hana mtu wa kuuvuna, asiende mwaka huo. Wala mtu asiuze mpunga wake ungali mbichi shambani ili apate nauli. Tumeona nyumba ngapi zikilala njaa mwezi wa Januari kwa sababu ya biashara hiyo! Wengine watatuona wagumu. Na watuone hivyo.

Lakini kama mtaa mzima umependa kumtuma mtu mmoja au wawili, kwa nini wasialikane shambani kama wazee walivyofanya, wakamvunia mpunga wake? Hapo safari inakuwa ya wote. Na aendaye akubaliane nao mapema, mwezi wa Januari, wakati wa kupandikiza miche. Asiwaachie kazi siku anayofunga mzigo.

Tukisha kusema hayo, tuje kwenye mwili. Wako Wakristo wadhanio kwamba kuutunza mwili kwa safari ya kiroho ni upungufu wa imani. Na wasome habari za Eliya. Alipochoka hata akatamani kufa, malaika hakumwanzia kwa hotuba. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Baada ya hayo ndipo alipokwenda siku arobaini mpaka Horebu. Na Musa, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 8, akiwahesabia Waisraeli wema wa Mungu jangwani, hakusahau kutaja miguu yao, kwamba haikuvimba. Mungu asiyedharau kutazama nyayo za watu wake, sisi tutazidharauje?

Mwendo wenyewe ni huu. Hatumshauri mtu wa Rujewa atembee tangu nyumbani kwake. Apande gari mpaka Bukoba, ambako ni siku mbili au zaidi. Toka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni kama kilometa 80. Toka Mutukula kwa njia ya Kyotera hadi Masaka ni kama 90, na toka Masaka hadi Kampala kama 130, mtu akiivuka ikweta njiani penye Kayabwe. Kisha zabaki kilometa chache hadi Namugongo, upande wa mashariki wa mji. Jumla ni kilometa 300 na kidogo zaidi. Mtu akitembea kilometa 25 kwa siku, na kupumzika Jumapili mbili, atatumia siku kama 15.

Mkulima wa hapa hucheka asikiapo kilometa 25. Husema, Mimi husimama shambani tangu alfajiri. Ni kweli, tena twaziheshimu nguvu zake. Lakini mguu uliozoea tope la jaruba si mguu uliozoea lami. Ngozi iliyolowa maji miezi mitatu huwa laini, nayo huchubuka upesi ndani ya kiatu. Kwa hiyo aanze mazoezi mwezi wa Januari, kilometa 5 mara tatu kwa juma, akiongeza kidogo kidogo, hata kufika Aprili aweze kwenda kilometa 20 siku mbili mfululizo, akiwa na mzigo ule ule atakaouchukua. Njia za kujizoeza hazikosi: iko ya Igawa, iko ya Ubaruku. Nazo zote ni tambarare, hali barabara ya Masaka ina vilima vingi. Basi walau mara mbili aende Chimala, apande ile barabara ya kona nyingi iendayo Matamba. Mvua isimzuie. Sisi tuna masika moja tu, nayo huwa imekwisha mwezi wa Mei, lakini Buganda mvua huwa bado zanyesha.

Viatu visiwe vipya. Tumewaona watu wakinunua viatu vizuri kwa heshima ya safari, wakavivua siku ya pili na kuvichukua mkononi. Afadhali katambuga zilizozoeleka kuliko viatu vya dukani visivyozoeleka. Bora kuliko vyote ni viatu vya kufunga kamba, vipana kidogo, maana mguu hutanuka kwa mwendo, na soksi mbili au tatu za kubadili. Kucha zikatwe. Kila jioni miguu ioshwe kwa sabuni, ikaushwe vizuri kati ya vidole, ikatazamwe. Aonapo mahali pekundu panapochoma, asimame hapo hapo apafunike kwa plasta, asingoje kituo. Lengelenge likitokea, ngozi yake isibanduliwe.

Mzigo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili: mwenye kilo 65 na achukue kilo 6 au 7. Humo pawe na chandarua chepesi, kwa kuwa nchi za ziwa zina malaria, na nguo ya mvua, na chumvi na sukari. Akiharisha, na achanganye katika lita moja ya maji safi vijiko vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Maji ya njiani yachemshwe au yatiwe dawa.

Miezi miwili kabla ya kuondoka aende hospitali. Sisi wa mashamba ya maji tuna kichocho kingi, na mtu anaweza kuwa nacho pasipo kujua, akapungukiwa damu, akaanguka barabarani. Apimwe hicho, na minyoo, na shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa wa sukari aulize hasa juu ya miguu yake, maana wengi wao hawasikii kidonda kinapoanza. Mwenye mimba asiende. Pia achanjwe chanjo ya homa ya manjano, isiyopungua siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, akitunze cheti chake, kwa kuwa Uganda hukidai. Apate pasi au hati ya dharura ya safari kwa Idara ya Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa peke yake hakimtoshi Mtanzania. Tena asikilize habari za maradhi. Mwaka 2020 mahujaji hawakukusanyika kwa sababu ya Korona, na Uganda ilipatwa na Ebola mwaka 2022, na tena mwaka 2025. Mamlaka ikisema msiende, basi.

Barabarani watembee kwa safu ya mmoja mmoja, upande wa kuume, wakiyaelekea magari yajayo, wenye nguo nyeupe au za rangi ya kuonekana. Usiku wasitembee kabisa. Malori ya njia ile hayana huruma. Wala wasiende wawili watatu peke yao, bali wajiunge na kundi lenye kiongozi aijuaye njia. Mahujaji wengi hulala katika parokia na shule, nao wenyeji huwapa maji na chakula. Kwa hiyo ni adabu kujifunza maneno machache ya Kiganda: amazzi ni maji, na webale ni asante. Hilo la pili litahitajiwa zaidi.

Na roho je? Roho nayo haizoezwi kwa siku moja. Ajizoeze kwanza kukaa kimya, jambo lililo gumu kwetu siku hizi, tunapokuwa na simu mkononi hata ibadani. Katika matembezi ya Januari na Februari aiache simu nyumbani. Mara ya kwanza ataona njia ni ndefu, na mawazo yake yatamzunguka kama nzi. Asihofu. Achukue ombi moja la Sala ya Bwana kwa kila safari, alitafakari kwa maelezo ya Katekisimu Ndogo, mpaka arudipo. Akifika ombi la tano, la kusamehewa deni, huenda atakumbuka mtu. Basi hapo afanye kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 5: amwendee mtu yule kabla ya kwenda mahali pengine po pote. Kama ni mpaka wa shamba, au zamu ya maji ya mfereji aliyoiiba usiku, arekebishe. Kutoka hapa hadi kwa jirani si kilometa 300, lakini wengi wangeona heri kwenda Namugongo.

Kwa siku za njiani wenyewe, Waisraeli wametuachia chakula tayari. Zaburi tangu ya 120 hadi ya 134 ni nyimbo za kupanda, walizoimba, kama wengi wafundishavyo, walipokuwa wakienda Yerusalemu kwa sikukuu. Nazo ni 15, hesabu ile ile ya siku tulizozitaja. Zaburi moja kwa siku: asubuhi isomwe kwa sauti, mchana irudiwe moyoni, jioni ijibiwe kwa sala. Ya kwanza ni kilio cha mtu akaaye kati ya wenye ulimi wa uongo, na ya mwisho imewakuta watumishi wa Bwana wakisimama usiku nyumbani mwake. Walimu na wazifundishe hizo tangu Kwaresima, hata kwa wasiokwenda.

Huko Namugongo atakuta mahali pa Wakatoliki, na pa Waanglikana pia, pasipo mbali. Aende kote kuwili. Akisikia wengine wakiwaomba mashahidi, asidhihaki wala asibishane. Anyamaze kwa heshima, amwombe Kristo. Tangu tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, sisi na Wakatoliki tumetia sahihi tamko la pamoja kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa neema. Katika habari za Meza ya Bwana afuate utaratibu wa kanisa lake.

Arudi kwa gari, apumzike siku mbili, kisha ashike mundu. Mavuno yatakuwa bado hayajaisha kwa wale waliomsaidia.

Barua ya usharika hutolewa na mchungaji, baada ya baraza la wazee kukubali. Atakayeihitaji aje ofisini kabla ya mwisho wa Januari. Aliye na mke aje na mkewe, na aliye na mume aje na mumewe, ili tulisikie neno la yule atakayebaki kabla ya kulisikia la yule atakayekwenda.